Seva ya Chumba cha Sala

Jumatatu, 14 Mei 2001
Wiki ya mwisho ya majaribio. Jumamosi Mzee Tulsidas ataamua kama ananiajiri fundi wa kompyuta wa duka, au narudi mtaa wa Gerezani kufungua giaboksi kwenye gereji ya mjomba. Sitaki giaboksi! Leo kasema kuna mtu wa nje anachungulia barua pepe za oda zetu za spea. "Gaudens, fanya kama dukani. Funga geti kwa wote, halafu ingiza mmoja mmoja." Rahisi.

Jumanne, 15 Mei
Nimefanya kama dukani. Nikiwa kaunta, niliingia kwa mtandao kwenye seva, kompyuta kuu inayotunza barua za oda, nikaandika katika faili la wanaokataliwa, hosts.deny: ALL: ALL. Yaani kila mtu, kila huduma, marufuku. Nikatoka ili nijaribu kuingia upya — imenikataa. Mimi! Faili la wanaoruhusiwa, hosts.allow, sikuwa nimeligusa. Sasa oda hazisomeki kwa yeyote. Mzee kauliza kama mwizi bado anaingia. Nikasema haingii. Si uongo.

Imebaki kwenda kukaa mbele ya seva yenyewe. Iko ghorofani, chumba cha sala cha familia, maana ndicho chenye kiyoyozi. Mlangoni yupo Mama Anjana, mke wa Mzee. Shikamoo. Marahaba. Nikavua viatu. Akauliza mchana nimekula nini. Nguru wa nazi, kwa Tatu mama ntilie. Akafunga mlango. Aliyekula samaki haingii humo. Nije kesho, nimeoga, tumbo safi.

Jumatano, 16 Mei
Maharage tangu jana. Nimeoga mara mbili. Nimeingia! Mama Anjana kaketi nyuma yangu, kauliza kosa ni nini. Nikamweleza seva inamkagua kila anayebisha hodi. Kasema basi ina adabu kunishinda. Nikaandika katika hosts.allow anwani za kompyuta za dukani, yaani namba zao za mtandao, moja moja. Oda zote zikaingia. Mzee kacheka mpaka miwani ikamtoka. Kazi naiona hii hapa. Nimefurahi, jamani.

Ijumaa, 18 Mei
Asubuhi umeme ulikatika, ukarudi. Mchana nimeenda kwa Tatu, maharage yamenichosha. Nguru, wali, pilipili. Tonge la kwanza liko mdomoni, simu inalia. Mzee: hakuna kompyuta inayosoma oda, njoo upesi, Mama keshakufungulia mlango.

Nimejua papo hapo. Umeme uliporudi mtandao umezipa kompyuta anwani mpya, na mimi niliruhusu zile za zamani tu.

Kesho Jumamosi. Tatu ananitazama, anauliza leo samaki ana kasoro gani. Nikimeza, chumba cha sala siingii. Naandika hapa hapa mezani, sijameza.