Sarafu ya Mtu Aliyejifunika Kichwa

Njoro, Jumamosi. Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi, na baridi inaingia hadi kwenye mifupa.

Leo mama ametoa amri: sarafu za baba ziondoke nyumbani kabla ya kesho. "Toa hizo vichwa za watu hapa," aliniambia. "Naskia ni kama zinaniangalia." Sikucheka. Mimi pia nimehisi hivyo, ingawa nina shahada ya chuo kikuu.

Baba alifundisha historia shule ya upili. Alipostaafu, akaanza kununua sarafu za Kirumi mtandaoni, zile chakavu zisizo na mtu wa kuzitaka. Alizipanga kwenye trei ya mayai, kila kaisari na shimo lake. Raha yake ilikuwa kumtambua mtu kwa pua, au kwa herufi chache zilizosalia ukingoni. Alifariki mwezi uliopita, humu ndani, nikiwa kando ya kitanda. Tangu tumzike, mimi na mama tunakwepana macho, kwa sababu hakuna anayethubutu kuuliza kama alikufa akiogopa.

Nilianza kuzifunga moja moja kwa karatasi. Zote baba alikuwa amezitambua, isipokuwa moja aliyoiweka upande wa wanawake, ndogo kuliko shilingi. Aliona kichwa kimefunikwa, akadhani ni malkia kajitanda leso. Hata mimi ningedhani hivyo. Hapa kwetu mwanamume gani anajifunika vile?

Niliipeleka dirishani, nikaiinamisha ili mwanga uipige ubavuni. Taya nene, pua kubwa. Huyu ni mwanamume. Maandishi yanaanza na D na V. Nikatafuta kwenye simu. Herufi hizo hutangulia jina la kaisari aliyekwisha kufa, na kichwa kimefunikwa kwa sababu hiyo hiyo. Ni Konstantino, na sarafu hii ilitolewa na wanawe baada ya kumzika.

Nikaigeuza.

Nyuma kuna gari la farasi wanne linapaa. Aliye ndani ameinua mkono, na kutoka juu mkono mwingine unashuka kumpokea.

Siku zake za mwisho baba hakuongea, lakini alikuwa akiinua mkono wa kulia kuelekea dari, tena na tena. Nilidhani ni homa. Kila mara niliushusha, nikaurudisha chini ya blanketi, nikaukandamiza hapo mpaka utulie. Alikuwa na nguvu ambazo sikuzitarajia kwa mgonjwa.

Nikamwonyesha mama. Aliisogeza karibu na macho, akaitazama sana, machozi yakamtoka. "Basi hakuogopa," akasema. "Alikuwa anaitwa. Hii usiitoe." Sasa amelala, mchana huu, anakoroma kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mimi sina usingizi. Naiangalia mikono yangu na kuichukia.

Kama kweli kulikuwa na mkono uliokuja kumchukua baba, siku zile zote nilikuwa nikivutana na nani?