Semina ya Mifugo na Jipu la Sifa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Kaa vizuri, maana mwanao nina bahati inayotisha! Wauza dawa za mifugo tumejaa Songea nzima, lakini nimeitwa mimi kwenye semina ya siku tatu, nikakalishwa mbele pamoja na madaktari wenye digrii, na cheti changu chenye muhuri kinaning'inia dukani juu ya picha yako. Mimi, niliyeishia darasa la saba! Wateja wakiingia wanakitazama kwanza ndipo wanisalimie.

Siku ya kwanza walifundisha kutafuta wateja. Nilicheka moyoni. Nimefika Dar mara mbili na Lilongwe mara moja, nani anifundishe biashara? Mkufunzi, daktari mmoja mwanamama, akasema ukishauza dawa umpigie mteja simu, umuulize mgonjwa anaendeleaje. Nikauliza, "Daktari, nimpigie niongee na mbuzi?" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Siku ya pili ikaja saratani. Baba, mbwa wanaugua saratani! Sisi tulizoea kusema mbwa atajitafutia majani. Daktari akaonyesha ukutani picha ya mbwa jike mwenye uvimbe kando ya chuchu. Nikasimama: "Daktari, huyo namjua!" Wakacheka tena. Safari hii sikuwa natania.

Unakumbuka wateja wetu wanavyokuja bila mnyama, wanaonyesha ugonjwa kwenye miili yao? Yule mzee aliyejishika makalio akisema "ng'ombe anaumwa hapa," nawe ukamuuliza, "Nimchome nani sindano, wewe au ng'ombe?" Ulicheka hadi ukakaa kwenye gunia la pumba. Lakini ulipomaliza ulifunga duka, ukapanda baiskeli, ukaenda kumshika mnyama kwa mkono wako.

Mimi tangu uondoke nauza tu. Mama Shukuru, mjane wa Lusewa anayeishi peke yake na mbwa wake, alikuja akajishika chini ya titi: "Sifa wangu ana jipu hapa, mwanangu." Nikampa dawa ya jipu. Akarudi, nikampa tena. Mara tatu, baba, na huyo Sifa sijawahi kumwona.

Nikatoka ukumbini nikampigia.

"Afadhali umepiga," akasema. "Nimechoka kumwona anateseka. Kesho jirani anakuja kummaliza."

"Mama, usimruhusu! Nakuja mwenyewe."

"Uje Lusewa kwa ajili ya mbwa? Wewe mzima kweli?"

Kulipokucha nilikuwa barabarani na pikipiki ya kuazima. Nilimkuta jirani keshafika na kamba, Mama Shukuru ameketi mlangoni, Sifa kamlalia miguuni. Nikapiga magoti, nikaupapasa ule uvimbe. Mgumu kama kokwa. Jipu haliko hivyo, hata mimi najua.

"Mama, nilikosea mimi," nikamwambia. "Nilikuuzia dawa bila kumwona."

Mama Shukuru akamwambia jirani, "Nenda na kamba yako." Na mimi akaniambia, "Mchukue. Lakini umrudishe."

Nikamfunga kwenye tenga la kuku nyuma ya pikipiki, tukaja mjini njia nzima watu wanatushangaa. Yule daktari akampasua kesho yake. Kanieleza bila kunificha kwamba uvimbe unaweza kurudi, tumwangalie. Sawa, tutamwangalia! Jana nimepiga simu, na kabla Mama Shukuru hajasema neno nikamsikia Sifa anabweka. Baba, niliruka dukani nikapiga kelele mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza nimeng'atwa na nini. Nilitamani uwe umekaa kwenye lile gunia, unanicheka.

Siku hizi mtu akijishika mwili mbele yangu, nachukua funguo na kumwambia, "Twende."

Pumzika, baba. Ila cheti sina. Waligawa siku ya tatu, mimi nikiwa Lusewa. Nimekudanganya.

Mwanao, kitindamimba wako