Shimo Jeusi na Msiba wa Domitila

Jumatatu, 7 Julai 1997
Kasulu. Vumbi tu. Nasahihisha madaftari ya Kidato cha Tatu, redio inakoroma. Kipindi cha sayansi: galaksi za kale, ulimwengu ukiwa bado mchanga, na katikati ya galaksi hizo tayari kuna shimo jeusi zito kushinda mamilioni ya majua. Linameza hata mwanga. Nikazima. Mke wangu Domitila alivuka kwenda Burundi mwaka jana kumchukua baba yake. Kimya mpaka leo. Sina haja ya kufundishwa habari za kumezwa.

Alhamisi, 10 Julai
Mama mkwe kaja kutoka kambi ya wakimbizi kwa miguu. Anataka tuganduke, tuuvue msiba kwa desturi yao ya Kirundi. Bila hivyo Beata, mdogo wa Domitila, haolewi, na posa imeshaletwa. Lakini mume ndiye husimama mbele ya watu akasema mkewe amekufa.
“Mwana wanje, Imana imemtwaa, Mungu kamchukua. Sema tu.”
Nimemjibu vibaya. Maiti iko wapi? Nina hasira.

Ijumaa, 11 Julai
Redio imerudia kipindi. Kumbe nilizima mapema. Si kila kinacholikaribia shimo humezwa! Vingine hufyatuliwa nje, mikondo miwili, vikatoka hata kwenye galaksi yenyewe na kwenda mbali ajabu. Nimelia kama mtoto. Basi Domitila yuko mahali. Kibondo nako kuna kambi.

Jumapili, 13 Julai
Kibondo, juu ya lori la maharage. Nimeuliza kila mtu. Nikaelekezwa kwa Domitila mmoja, mkimbizi wa mwaka jana. Nikakimbia. Ni bibi mwenye kikohozi. Naye alidhani nimemletea habari za mumewe.

Jumatano, 16 Julai
Nimechora mikondo ubaoni, napaza sauti kama mhubiri. Anisia wa dawati la mbele akauliza kama kilichokwisha kuingia ndani nacho hurushwa.
Nikasema hapana. Hurushwa kilichokuwa pembeni, kabla hakijaingia.
Nikatoka, nikaegemea ukuta. Mtu wa kilima chao, kijiji chao huko Burundi, aliniambia Desemba iliyopita kwamba Domitila alikuwa ndani wakati nyumba ya baba yake inachomwa. Nilimwita mwongo, nikamfukuza. Hakuwa na sababu ya kunidanganya.

Jumamosi, 19 Julai
Tumeganduka. Pombe ya ndizi, mirija, watu wengi. Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena, nikasema. Mama mkwe akalia kwa sauti. Baadaye wakwe wa Beata wakaanza kupiga makofi na kuimba. Nawachukia wote.

Jumatatu, 21 Julai
Muuza mkaa alibisha hodi asubuhi, akamuulizia mama wa nyumba hii. Nikasema, “Marehemu.” Akanipa pole. Nikachukua debe moja badala ya mawili ya siku zote, nikaenda kazini.