Petroli Inatambaa, Gesi Inapanda

Kwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, uliyeko kusikofika barua,

Jana nilisimama mkutanoni hapa Kariakoo kuitetea gesi yako, nikashindwa. Kilichonishinda utakielewa wewe tu.

Unakumbuka ule mchana karakanani kwako Gerezani, uliponiita mimi mwalimu nikusomee gazeti la Kiingereza? Ulikuwa umetoka kunyonya petroli kwa mpira, unatema mate, macho mekundu. Gazetini kulikuwa na picha ya gari la Italia lenye mtungi wa chuma kwenye buti. Niliposoma kwamba linatembea kwa gesi ya ardhini, ulilipiga boneti kofi.

"Shemeji, si ndiyo ile iliyopatikana Songosongo, kwetu Kilwa? Mbona tunapanga foleni kwa mafuta ya watu?"

Nilikucheka mbele ya mafundi wako. "Gesi ninayoijua mimi ni ya tumbo. Punguza maharage, mtu wa Kilwa!"

Walicheka mpaka wakaangusha spana. Siku chache baadaye utani ule niliusikia hadi Buguruni.

Wewe hukununa. Ulisema mvuke wa petroli ni mzito, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. "Hii gesi nyepesi. Ikivuja penye hewa inapanda, inakwenda zake. Injini inabaki safi, moshi haukuchomi macho, na hakuna fundi atakayeinyonya kwa mdomo."

Nikakujibu kwa hotuba nzima: mitungi ile ni ya mabepari, tutabadili bwana tu. Nilishinda. Nilikuwa nakushinda siku zote.

Dumu la petroli lililotuletea msiba lilikuwa langu. Nililificha chini ya kitanda, katika chumba mlichonipa nyumbani kwenu, nipate kusafiri kwenda kwenye mdahalo Morogoro. Siku ya msiba ulinusa harufu tangu mlangoni. Dada alikuwa uani, anapika kwa mkaa.

"Mtoe dada yako nje! Jiko linawaka!"

"Acha woga wa karakanani, bwana," nikasema. Hata hapo nilibishana. Kabla sijamaliza ulishampigia mkeo kelele akimbie, ukaingia mwenyewe. Ulipoliinua dumu, moto ulikuja kwa chini kutoka uani, kama ulivyosema.

Dada hanilaumu. Kila siku ananifunikia chakula. Afadhali angenitukana.

Ndiyo maana jana nilisimama. Nilisema gesi ni yetu, iko chini ya bahari yetu, na sisi tunahangaika na madumu. Bwana mmoja akadakia, "Gesi ni bomu!"

"Bomu lilikuwa chini ya kitanda changu," nikamjibu, "na jina lake lilikuwa petroli."

Nikadhani nimeshinda. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Punguza maharage, mwalimu!"

Walicheka wote, shemeji. Walicheka kwa maneno yangu mwenyewe. Mimi mwenye jibu la kila hoja nilikaa.

Nitasimama tena. Ila safari hii, kabla ya Italia na mitungi, nitawaambia utani ule niliuanza mimi, na fundi niliyemcheka alikuwa nani.

Pumzika, fundi. Ubishi wetu umekwisha, na ulikuwa sahihi wewe.

Ni mimi,
shemeji yako mbishi