Ufunguo Shingoni mwa Fundi Viatu

Bweni la Wasichana,
Chumba cha 14.
Jumamosi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba goti limeacha ukorofi. Bado unalipaka ile dawa, au umeshaiweka kabatini kama kawaida yako, ukisubiri goti lipone lenyewe kwa aibu? Na yule bibi unayemtunza, ameshakubali kumeza vidonge bila kukutukana kwanza? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kabla hujauliza: ndiyo, navaa sweta.

Mdogo wangu naye hajambo. Amefaulu mtihani wa udereva baada ya kuanguka mara mbili, na sasa anawakosoa madereva wote barabarani, pamoja na yule aliyemfundisha.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Umeniomba tena msamaha kwa ajili ya ule mlango. Najua hujasahau: ulikuwa unatufungia kwa kufuli kila asubuhi, mimi na mdogo wangu, kisha unaenda kufua mashuka ya hospitali, na miaka yote hii jambo hilo limekunyima raha. Safari hii nina jibu, Shangazi, tena limenifuata kazini. Vuta kiti nikusimulie, maana tangu juzi sijatulia kwa furaha.

Niko mwezi wa pili wa mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya ustawi wa jamii. Chuoni tulikuwa tunabishana kuhusu haki za wanyonge mpaka mfagiaji anatutoa darasani. Wenzangu wananiita Mheshimiwa, eti kwa sababu siwezi kuuliza swali nikiwa nimekaa. Hapa ofisini hakuna wa kumhutubia. Ni chumba kimoja chenye meza tatu, na yangu ina miguu mitatu na tofali. Mafaili yamepanda ukutani mpaka yameziba nusu ya dirisha, na nje kuna benchi ambalo sijawahi kuliona tupu. Naipenda kazi hii mpaka naona haya kusema. Wiki ya kwanza tu nilimsaidia seremala aliyekatwa vidole na msumeno kujaza fomu za msaada, na alipojibiwa alirudi mbio kunisomea ile barua, kana kwamba si mimi niliyempa.

Msimamizi wangu tunamwita Mama Mihuri, ila si mbele yake. Ana kanuni mbili. Ya kwanza, andika ulichokiona, si ulichokihisi. Ya pili, siri ya mteja haitoki: ukienda kumtembelea mtu nyumbani, majirani wasijue wewe ni nani wala umefuata nini. Kanuni nzuri zote mbili. Nilizishika kwa mikono miwili, na ndizo zilizoniponza.

Kuna mtu alipiga simu ofisini kwamba bibi mmoja, mfagiaji wa stendi ya mabasi, anawafungia wajukuu zake ndani. Wasichana wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine sita, wanaosoma zamu ya mchana. Nikatumwa niende kuangalia. Nilifika saa nne asubuhi na kweli nikakuta kufuli nje. Nikachungulia dirishani, nikawaona wamekaa kitandani na sare zao, mkubwa anamsuka mdogo. Hakuna mtu mzima. Pembeni, kwenye kibanda kilichoegemea ukuta huohuo, fundi viatu alikuwa anagonga kisigino. Akanisalimia vizuri, akaniuliza namtafuta nani. Mimi na siri zangu za mteja nikamjibu, "Napita tu," nikaondoka nimenyoosha shingo.

Nikaandika nilichokiona. Watoto wawili wamefungiwa kwa kufuli, hawana mwangalizi. Mama Mihuri akasoma, akagonga muhuri wa DHARURA, na faili likapangwa kwenye kikao cha Alhamisi. Mapendekezo yakawa wasichana wapelekwe makao ya watoto. Shangazi, sikufichi: nilijisikia fahari. Nilitembea siku hiyo kama mtu aliyeokoa dunia kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu yule bibi akaja. Alikaa kwenye benchi na ufagio wake katikati ya magoti, maana alitoka kazini moja kwa moja. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliniuliza tu:

"Mwanangu, ulipofika pale nyumbani, fundi viatu hakukusalimia?"

Nikasema alinisalimia.

"Sasa mbona hukumuuliza? Ufunguo si anao yeye, shingoni? Ile nyundo yake, kila akimaliza kiatu anagonga ukuta mara tatu. Watoto wanamjibu kwa kijiko. Wasipojibu anafungua. Miaka miwili sasa."

Uso ulinishuka. Nyundo niliisikia, Shangazi. Hata kijiko nilikisikia, nikadhani watoto wanacheza. Mimi! Mimi niliyelelewa nyuma ya mlango kama ule, na Mama Cherehani upande wa pili wa ukuta akitugongea kwa mkasi wake, tak tak tak, nasi tukimjibu kwa kifuniko cha sufuria. Ufunguo wetu aliuvaa pamoja na futi yake ya kupimia. Nilikaa mbele ya yule bibi nikakosa pa kuficha macho. Wajukuu zake walikuwa wanaondolewa, na kilichowaondoa ni sentensi yangu.

Nikaenda kwa Mama Mihuri. Akaniambia ripoti iliyogongwa muhuri haifutwi. Ninachoweza ni kuandika nyongeza na kusimama mwenyewe mbele ya kikao niseme nilikosea, na alama zangu anazitoa yeye, kwa hiyo nifikiri vizuri. Nilifikiri kwa muda wa kufunga mlango wake.

Jumanne nilirudi pale asubuhi. Safari hii nilianza na fundi viatu. Nikamweleza mimi ni nani, baada ya bibi kuniruhusu, nikamwomba anifungie ndani pamoja na wale wasichana. Akanitazama juu mpaka chini.

"Si wewe uliyekuwa unapita tu?"

"Ni mimi."

"Haya, leo hupiti."

Akafunga. Tukakaa, wasichana wakanionyesha daftari zao, na mdogo akanisuka nusu ya kichwa bila kuniomba ruhusa. Nyundo ikagonga mara tatu. Kijiko kikajibu. Ikagonga tena, kikajibu tena. Mara ya tatu nikawaomba wasijibu, nikaanza kuhesabu. Sikufika ishirini! Mlango ulifunguka kwa kishindo, fundi kaingia na nyundo mkono huu na kiatu cha mteja mkono ule, anahema, anaangaza kila pembe. Alipotuona tumekaa salama alinigombeza mpaka nikafurahi. Nilitaka kumkumbatia, ila ile nyundo ilinitia wasiwasi.

Alhamisi ikafika. Watu watano mezani: mwenyekiti, muuguzi, mwalimu mkuu wa wale wasichana, askari wa dawati la watoto, na Mama Mihuri na muhuri wake. Bibi alikaa ukutani amevaa gauni lake zuri, amekumbatia mkoba kana kwamba wajukuu wamo ndani yake. Mwenyekiti akaniuliza swali moja tu: mlango ulikuwa umefungwa, au haukufungwa?

Nikasimama. Unanijua. Nikamwambia ulikuwa umefungwa, na niliandika kweli, lakini niliandika nusu. Ufunguo ulikuwa hatua nne kutoka mlangoni, na mwenye ufunguo alinisalimia nami nikampita. Nikasema kosa la kutouliza ni langu, na si haki bibi huyu alilipe kwa kuwapoteza watoto. Kisha fundi viatu akaingia na kuuweka ufunguo mezani pamoja na kamba yake, na mwalimu mkuu akafungua daftari la mahudhurio: siku mbili tu walizokosa, tena za surua.

Askari hakuridhika. Akauliza moto ukitokea wakati fundi ameenda msalani itakuwaje. Shangazi, lilikuwa swali zuri. Fundi ndiye aliyejibu: akatoa mfukoni komeo jipya linalofunguka kwa ndani, ameshalinunua, anasubiri tu aambiwe alifunge.

Wanabaki! Wanabaki na bibi yao! Komeo limewekwa jana mahali pa kufuli, mkubwa amefundishwa kulifungua, na fundi viatu ameandikwa kwenye faili kama mlezi msaidizi. Bibi hakulia wala kupiga vigelegele. Alinifunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi tangu asubuhi, akasema, "Siku nyingine salamu uitikie, mwanangu," akaenda zake kazini.

Mama Mihuri amenipunguzia alama za ripoti ya kwanza, kama alivyoahidi. Lakini jana nilimkuta na fomu yetu ya ziara, anachora mstari kwa rula chini ya mahali pa kuandika watu wa nyumbani. Kwenye ule mstari ameandika kwa mkono wake: "Nani mwingine anawaangalia?" Amesema fomu zitapigwa kopi Jumatatu, na hakuna mwanafunzi atakayerudi bila kumuuliza mteja swali hilo. Nilitoka nje nikarukaruka kama mtoto, na watu wa kwenye benchi wakanicheka.

Sasa jibu langu, Shangazi. Nilisimama mbele ya watu watano kumtetea mwanamke aliyefunga mlango, na kila neno nililosema nilikuwa nakuona wewe, na ile harufu ya sabuni ya hospitali mikononi mwako. Hukutuacha peke yetu hata siku moja. Ulituacha na mtu, na mtu huyo alitugongea ukuta mpaka ukarudi. Usiniombe msamaha tena. Mimi ndiye niliyechelewa kukushukuru.

Nisalimie yule bibi unayemtunza, na binamu zangu wote wa huko. Mdogo wangu anakubusu, anasema ukirudi atakuendesha, na mimi nakushauri utembee. Nilimpigia simu Mama Cherehani kumshukuru, naye akasema hapakuwa na haja ya kunigongea mimi, maana nilikuwa nagonga hata asipouliza. Anakukumbuka sana. Mungu akulinde huko uliko, akupe mguu mwepesi na watu wema upande wa pili wa kila ukuta.

Ukimaliza kusoma hapa, gonga meza mara tatu. Nami huku najibu.

Wako akupendaye daima,

Kasuku wako