Ndovu, Punda na Maji ya Kutasa

Tarlow, 11 Januari 2026

Mama mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye theluji. Natumai u mzima, kifua kimetulia, na yule mbuzi mwenye mimba amezaa bila taabu. Mimi ni mzima, ila uchovu tu. Umenikataza kukutumia "hi mum" kwenye simu, ukasema ujumbe usio na tarehe wala salamu ni sawa na mtu kuingia nyumbani bila kubisha hodi. Haya, nimebisha.

Umeniuliza ni kelele gani hizo za Marekani na matibabu unazozisikia redioni. Huku kuna vyama viwili vikubwa. Alama ya kimoja ni ndovu, ya kingine ni punda. Usicheke, ni kweli. Mwaka huu katika jimbo letu wanagombania hospitali ndogo kama hii yetu. Wa punda wanataka sheria ya kuzuia muuguzi mmoja kurundikiwa wagonjwa kupita uwezo wake. Wa ndovu wanasema serikali iache kuingilia, maana hospitali ndogo haziwezi kuajiri wauguzi wote hao na sheria hiyo itazifunga. Hapo hapo pesa za serikali za kuwatibu maskini zimepunguzwa, na kila chama kinakinyooshea kingine kidole. Wakubwa wetu wametuambia wazi kwamba mambo yasipoeleweka kabla ya baridi kuisha, wadi ya akina mama itafungwa. Mwenye uchungu atakuwa akiendeshwa saa mbili nzima kwenye barafu ndipo afike kwa mkunga.

Lakini kinachoniuma kuliko hayo ni Sharon. Unamkumbuka, muuguzi mwenzangu, yule aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barafu, anayekula kimanga changu cha muhogo na maharagwe hadi kukwangua sufuria. Yeye ni wa ndovu. Siku moja niliachiwa akina mama watano wenye uchungu peke yangu, nikasema mbele ya watu kwamba anayepinga sheria hii hajali akina mama. Sharon akanijibu, "Wewe umekuja jana tu, hii hospitali si yako." Tangu hapo hatuli pamoja. Tunapishana kwenye korido kama watu waliodhulumiana shamba.

Mwanzo wa Februari wabunge wa jimbo watafanya kikao hapa mjini, na nimeombwa nizungumze. Cheti cha uraia nimekipata juzi juzi, na Kiingereza changu kikipata woga hukimbia. Sijui kama ni mahali pangu.

Binti yako,
Peris


Mbololo, 14 Januari 2026

Mwanangu Peris,

Salamu za mamako ziingie kwako kwa nguvu. Mimi sijambo. Kifua ni kile kile, tumezoeana. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja mweupe, nimempa jina Theluji.

Ndovu! Hapa Mbololo mtu akija kuomba kura kwa jina la ndovu, tutamfukuza kwa kupiga masufuria. Juzi ndovu wameingia kwa shangazi yako Mumbe, wamemaliza mahindi na kuangusha tangi la maji. Na punda ninaowajua mimi ukiwapigia kelele wanasimama katikati ya njia. Sasa naelewa kwa nini mambo yenu hayaendi. Wapiganapo ndovu wawili ziumiazo ni nyasi, lakini ndovu akipigana na punda sijui wazee wangesemaje.

Unaniuliza kama ni mahali pako. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekwenda, na wenyeji wanapona mikononi mwako kila siku. Asiye na mahali hapo ni nani basi? Nenda ukaseme.

Na ukiona hasira imekukaba, mkumbuke bibi yako. Wanaume walipogombania mfereji hadi kushikiana mapanga, alisimama katikati yao, akachukua maji mdomoni, akatasa kwa ile desturi yetu ya kutoa hasira, akayapuliza chini mbele yao. Wanaume wakashusha mapanga. Kisha akasema aliyokuwa nayo na wakamsikiliza. Damu hiyo unayo.

Mamako


Voi, sokoni, 6 Februari 2026

Peris mwanangu,

Salamu. Kama u mzima nijulishe, maana simu yako haipokelewi na mimi sili vizuri.

Leo Khamisa, yule jirani yangu wa kuuza viungo, amekuja na simu yake mkononi na uso umembadilika. "Shoga yangu, hebu mtazame huyu. Si mwanao huyu?" Nikatazama. Nimekuona umesimama mbele ya wakubwa wenye suti, umevaa lile koti la kijani. Nimekuona ukinywa maji. Nimekuona ukiyapuliza puu! kwenye zulia lao zuri. Halafu watu wanaruka, wanapiga kelele, na chini kumeandikwa maneno ambayo Khamisa alinitafsiria pole pole: kwamba mhamiaji amewatemea mate wabunge.

Soko lote limeiona. Kuna mtu wa viatu alicheka hadi akakaa chini. Nikamwambia Khamisa kwa sauti, wote wasikie, "Ndiye. Nimemzaa mimi, Mbololo, na mate hayo ninayajua yalikotoka." Sina haya na wewe hata kidogo. Lakini niandikie. Mama hawezi kumjua mwanawe kwa simu ya jirani.

Mamako


Tarlow, 9 Februari 2026

Mama,

Shikamoo. Natumai umekula. Mimi mwili ni mzima, roho siyo.

Nisamehe kwa kimya. Nilidhani video haitafika Voi. Siku ile ukumbi ulijaa, wa ndovu upande mmoja na wa punda upande mwingine, wanazomeana hata kabla sijasimama. Sharon alikuwa upande wa pili, amekunja mikono. Nilipoitwa, maneno yote yaliniruka. Nikaona glasi ya maji mbele yangu, nikamkumbuka bibi. Nikafanya alivyofanya. Mama, sikumtemea mtu mate, Mungu ni shahidi. Nilikuwa naitoa hasira nisije nikasema kwa ubaya. Lakini hawa watu hawajui. Waliniambia niondoke kabla sijasema neno hata moja.

Sasa hospitali imenisimamisha kazi. Wa ndovu wananionyesha kama mfano wa wageni wasio na adabu. Wa punda, waliokuwa wakinibembeleza nizungumze, hawapokei simu zangu. Na wadi iko pale pale, inangoja kufungwa, na mimi nimewaongezea sababu. Nilitaka kuwa kama bibi, nimekuwa kichekesho. Natamani kurudi nyumbani.

Peris wako


Mbololo, 10 Februari 2026

Mwanangu,

Nimekula. Sasa nisikilize, na ukae chini.

Kwanza, kurudi nyumbani ni ruhusa yako, nyumba ni yako. Lakini hutarudi kwa kukimbia. Katika ukoo wetu watu hurudi na mizigo, hawarudi na mkia kati ya miguu.

Pili, umekosea, na nusu ya kosa ni langu. Nilikuandikia habari ya bibi kwa haraka, nikadhani yaliyobaki unayajua. Bibi yako hakupuliza maji tu. Alikuwa akitaja kwanza. Alimtazama mtu usoni, akasema, "Nina hasira na wewe, fulani, kwa sababu ya hili na hili. Naitoa, isikudhuru wewe wala wanao." Ndipo akapuliza. Kutasa bila maneno ni kutema mate tu, mwanangu. Hao Wazungu hawakukosea, waliona walichokiona.

Tatu, ulitasa kwa wasiohusika. Hasira yako haikuwa na wabunge, hao huwajui hata majina. Hasira yako ilikuwa na mtu mmoja, naye alikuwa amekaa pale amekunja mikono. Mtu uliyekula naye sufuria moja ndiye ambaye hasira juu yake hukukaba. Nenda kwake na maji. Umtajie, na umwache naye akutajie, hata kama yatakuchoma. Mimi ni Mkristo wa miaka yote, najua pasta wetu anaguna akisikia habari hizi, lakini hata Maandiko yanasema upatane na ndugu yako kabla ya kwenda madhabahuni.

Bunge baadaye. Sharon kwanza.

Mamako


Tarlow, 1 Machi 2026

Mama mpendwa,

Shikamoo mama, na salamu kwa Theluji na pacha wake. Leo mimi ni mzima kweli kweli.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilichelewa kwenda. Kila nikiwasha gari nilikuwa nazima. Mwishowe Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nikasimama mlangoni kwa Sharon na chupa ya maji. Alipofungua nikasema kabla hajasema, "Nina hasira na wewe, Sharon, kwa sababu ulisema hospitali si yangu. Nusu ya watoto wa mtaa huu nimewapokea mimi. Naitoa hasira hiyo, isikudhuru." Nikapuliza maji kwenye theluji.

Nikadhani ataufunga mlango. Kisha akanyoosha mkono, akachukua chupa. "Na mimi nina hasira na wewe," akasema. "Ulisema tunaopinga sheria hatujali akina mama. Mimi nilizaliwa kwenye wadi ile. Nilimpoteza mtoto wangu wa kwanza kwenye wadi ile, na manesi walikaa nami hadi mwisho. Halafu wewe unasimama unasema sijali." Mama, habari ya mtoto huyo sikuwahi kuijua. Akajaza maji mdomoni na kupuliza kwa nguvu zote. Hajui kulenga, maji yote yakamwishia mbwa wake. Tukacheka huku tunalia, na mbwa akatubwekea sote wawili.

Tulikaa jikoni kwake hadi jua likazama. Yeye bado ni wa ndovu, na mimi bado naona sheria ni nzuri. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Lakini tulikubaliana jambo moja: sheria ipite, hospitali ndogo zipewe muda na pesa za kuajiri, na wadi isifungwe wakati wakubwa wanazozana. Kesho yake Sharon aliwaongoza wauguzi wote, wa ndovu na wa punda, hadi ofisi ya mkubwa, wakasema Peris asiporudi kazini, mkubwa avae gauni aje azalishe mwenyewe. Nikarudishwa.

Alhamisi tulikwenda mbele ya kamati ya wabunge wale wale, wawili kwa pamoja. Mwenyekiti akaniuliza, kwa kejeli, kama nina mpango wa kutema tena. Sharon akamjibu, "Akitema, natema na mimi." Watu wakaangua kicheko, naye pia. Ndipo nikawaeleza kutasa ni nini, kwa maneno yote, nikamtaja bibi na mfereji wa Mbololo mbele ya wabunge wa Marekani. Kiingereza hakikukimbia. Mbunge mmoja mzee wa ndovu aliniomba nirudie, aandike vizuri.

Sasa tunangoja kura. Niombee.

Binti yako,
Peris


Tarlow, 30 Machi 2026

Mama,

Shikamoo. Sina pumzi ya kusalimu kwa urefu, utanisamehe. Imepita! Wabunge wa pande zote wamepiga kura ya ndiyo. Sheria ipo, hospitali ndogo zimepewa muda na pesa za kuajiri, na wadi yetu haifungwi. Mwakani watazozana upya, najua, lakini leo asubuhi nimempokea mtoto wa kike papa hapa Tarlow, na mamake hakuendeshwa kwenye barafu.

Sasa tucheke. Vyama vyote viwili vinasema vimeshinda. Kila kimoja kimetuma karatasi zake nyumba kwa nyumba, na picha ni ile ile moja, ya mimi na Sharon siku ya kamati, tumeshikana mabega. Ila wa ndovu wamemweka Sharon peke yake, na wa punda wameniweka mimi peke yangu. Waliokata hawakukata vizuri. Kwenye begi atakalolileta Sylus, yule kijana wa kwetu anayesoma huku, akija likizo nimekuwekea zote mbili, ujionee. Kwenye bega langu kuna vidole vya mtu asiyekuwepo.

Peris


Mbololo, 19 Aprili 2026

Peris, mama yangu, bibi aliyerudi,

Salamu za furaha. Mvua imeshuka, mahindi yameota, ndovu wamerudi mbugani kula vya kwao. Kifua usiniulize, leo kimeimba kanisani.

Sylus amefika salama na begi. Nilizitazama karatasi zile mbili mezani, nikakasirika kidogo. Kisha nikapika uji mzito wa unga wa sima uwe gundi, nikachukua makasi, nikakata pole pole kuliko walivyokata wao, nikazibandika kwenye kipande cha boksi, bega kwa bega. Mwanangu, zimekutana! Vidole vilivyokuwa vimebaki begani kwako vimepata mwenyewe. Ukitazama kwa mbali huoni mstari.

Nimeitundika kibandani kwangu sokoni, juu ya ndizi. Yule wa viatu aliyecheka amekuja kutazama mara tatu, na leo ameniletea kiti kizuri nikalie. Pasta wetu naye alipita, akaguna, kisha akaniuliza kama hasira za kamati ya kanisa zinaweza kutolewa kwa maji ya kawaida au ni lazima ya mfereji.

Khamisa alisimama mbele ya picha muda mrefu, mkono kiunoni. "Haya shoga, nieleze nielewe," akasema. "Hawa wawili sasa ni wa ndovu au ni wa punda?"

Nikamwambia, "Khamisa, hawa ni wakunga. Na huyu wa koti la kijani ni wangu."

Mamako