Nilipanda Nawatazama Usoni

4 Machi

Kwako mchumba wangu mwenye kucha nyeusi,

Kama wewe mzima, basi mimi nimezidi. Goti la kushoto linalia kama bawaba, la kulia linaitikia, bibi yako anasema nimeanzisha bendi. Yeye hajambo, anauliza kama unakula chakula au unalamba grisi tu.

Sasa nimesikia lile gari letu, Cheche, unalifumua injini yote. Moyo unanidunda kama pistoni! Gari la viti viwili, jekundu, halina paa, la mbio hasa! Mimi huyu huyu nilikuwa napanda nalo mlima huu wa kwetu, mchana kweupe, bila kusukumwa na mtu, huku nawatazama wote usoni. Muulize bibi yako, alikuwa pembeni yangu. Shingo ilimuuma wiki nzima.

Lakini fundi viatu wa pale chini, mtu kahamia juzi juzi tu, anasema gari lile halikupanda, lilibebwa. Mbele za watu! Nikamwambia, Jumamosi ya mwisho wa mwezi mjukuu wangu analileta na litapanda mpaka mlangoni. Lisipopanda, nanyamaza mwaka mzima. Likipanda, ananyamaza yeye. Bibi yako kusikia dau hilo, sasa anamwombea dua fundi viatu.

Babu yako,
Simba wa Usukani

9 Machi

Shikamoo babu,

Pole na bendi ya magoti. Mimi mzima, nakula, grisi ni kitoweo tu.

Babu, dau gani hilo? Mwaka mzima kimya si utapasuka? Kabla sijaishusha injini nililipeleka gari kwenye kilima cha nyuma ya gereji. Gia ya kwanza, mafuta mpaka mwisho. Likakohoa, likazima katikati, nikarudi chini kwa breki na aibu. Na kilima chenyewe, mbele ya mlima wenu, ni tuta la viazi.

Kwa hiyo nataka tuibadilishe. Silinda zichongwe zipanuke, pistoni kubwa, kabureta mbili badala ya moja. Babu, litaruka! Mikono inaniwasha. Mchonga vyuma kanipangia Jumatatu ya tarehe kumi na nane. Ila chuma kikishachongwa hakirudi, na hizi ni silinda lilizozaliwa nazo. Ndiyo maana nauliza kwanza. Sema neno.

Mjukuu wako

13 Machi

Wee mtoto wee!

Marahaba, afya tutaulizana baadaye. Weka kisu chini! Unataka kumchonga bibi harusi ili aenee kwenye gauni?

Mimi nilipanda na silinda hizo hizo, na kabureta hiyo hiyo moja. Wewe umeniuliza ubadilishe nini, hukuniuliza nilipandaje. Na sasa hata ukiniuliza siandiki, maana barua zangu zote zinapita kibandani kwa fundi viatu, ndiko posta inakoziacha na kuzichukua, na mtaa huu gundi anayo nani? Bahasha yako ya juzi ilinuka soli!

Nakwambia mawili tu. Fungua giaboksi kabla hujaenda kwa huyo mchonga vyuma. Halafu yakumbuke maneno yangu kama nilivyoyasema. Natia chumvi, nakubali, lakini siyo kwenye kila chungu.

Babu yako,
bado natetemeka

22 Machi

Shikamoo babu, na nyingine ya akiba,

Barua hii nampa dereva wa basi akutie mkononi. Haipiti kwa mwenye gundi.

Jumatatu ile silinda zilikuwa tayari ndani ya pikapu, nimeshika ufunguo, barua yako ikaingia. Nikasema haya, nimfungulie mzee giaboksi yake aridhike. Gia ya kwanza, meno makali kama jana yametoka kiwandani. Ya pili, ya tatu, hivyo hivyo. Rivasi, babu! Imelika kama meno ya mla miwa! Nikakaa chini sakafuni. Nani anaendesha gari la mbio kinyumenyume? Ndipo nikakumbuka: “nawatazama wote usoni.” Na shingo ya bibi! Nilicheka mpaka mchonga vyuma akapiga simu kuuliza kama naenda. Siendi!

Wewe mzee ni shetani. Rivasi ina nguvu kushinda gia ya kwanza, na makalio yakitangulia juu, tangi la nyuma linakaa juu ya injini, petroli inateremka yenyewe. Nimetia ringi mpya za pistoni tu, nikaifunga injini kama ilivyozaliwa. Jana nimerudi kwenye kilima kile nikakipa mgongo. Lilipanda likiimba, babu!

Mwambie bibi aandae shingo, nampitia hapo chini.

Mjukuu wako

2 Aprili

Kwako mchumba, dereva wa nyuma,

Sisi wazima mpaka tunajionea wivu. Umefika salama? Huku mtaa haujatulia tangu uondoke.

Ulipoligeuza gari pale chini, fundi viatu alipiga makofi, akidhani umeuogopa mlima unarudi kwenu. Kumbe! Nilikuwa mlangoni, nikaona makalio mekundu yanakuja, yanakuja, na bibi yako anawapungia mkono waliobaki chini kama malkia. Magoti yangu yalisahau kulia.

Jamaa akapanda kwa miguu, anahema: “Hivyo siyo kupanda, ni kurudi!” Nikamwambia, “Mimi nilisema litapanda. Pua sikuitaja.” Watu wote wakaniunga mkono. Sasa anapigilia soli, misumari mdomoni, kimya. Mteja akimuuliza bei anaonyesha vidole. Bibi yako ndiye analalamika, anasema naongea zamu yangu na ya jirani.

Na wewe unayeifungua bahasha hii kabla ya mjukuu wangu, najua upo. Soma tu, dau letu lilikuwa la mdomo, macho hayamo. Ila ukimaliza ibandike vizuri.

Babu yenu